Madirisha Hayajifungi

Jumanne, 4 Machi

Mdogo wangu,

Kitabu chako kimefika, nimekisoma chote, na tangu hapo sijakaa sawa. Leo kliniki nimeng'oa magego mawili na wagonjwa wote wawili wamelalamika kwamba nina mkono mzito. Wangejua nilikuwa nafikiria taya la nani, wangekimbia na ganzi mdomoni.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu huwa unanishinda. Wewe una maneno ya haraka, mimi jibu langu nalikumbuka nikishakata.

Nianze na sifa, maana najua unazisubiri. Kuandika unajua. Yule fundi saa wako anayeishi na mke na watoto katika jumba la giza anatisha kwelikweli. Saa ya ukumbini inasimama, madirisha yanajifunga yenyewe moja baada ya jingine, na kutoka juu ngazini anashuka mtu wa pili mwenye sura ileile ya fundi, ila macho si yake. Anafanya anayoyafanya, kisha anapanda zake juu. Fundi anazinduka, anamkuta mkewe amevimba uso, anapiga magoti na kulia, anauliza ni nani aliyemfanyia hivi. Binti yangu kakisoma na siku hiyo kalala taa ikiwaka.

Lakini huyo ni Baba. Hata harufu ya mafuta ya mashine umeitia, hata ile lenzi aliyokuwa akiibana jichoni mpaka inamwachia duara. Na yule wa ngazini hukujisumbua hata kumtafutia jina. Umemwita Mgeni.

Wasomaji wako hawajui neno hilo limetoka wapi. Mimi najua. Baba alipoanza, Mama alitusukuma chumbani akituambia tutulie, huyo si baba yenu, huyo ni Mgeni, baba yenu atarudi. Kesho yake asubuhi, mdomo umempasuka, anatumiminia chai na kusema msalimieni baba yenu, amerudi. Nasi tunasema shikamoo Baba, naye anaitikia marahaba kwa sauti tamu, hana hili wala lile.

Sasa sikiliza kilicholeta barua hii. Mama ameishi kwangu miaka sita na hajawahi kutaja kurudi kule kwa Baba. Tangu kitabu kifike, kila jioni anamwomba mjukuu wake amsomee. Anasikiliza huku amejishika mashavu. Jumamosi nimekuta begi lake la kahawia limeshushwa kutoka juu ya kabati. Nilipomuuliza, akaniambia baba yenu amepooza mkono, na mdogo wako ameniandikia kwamba Mgeni ameshaondoka, nikambembeleze mgonjwa. Kwa hiyo umemwandikia. Ulimwandikia Mama kwa siri, ukijua mimi ndiye ninayeishi naye, arudi akamvishe shati mtu aliyemvunja kidole.

Ninachotaka ni kitu kimoja. Mwandikie tena. Mwambie ile ni hadithi, hakukuwa na Mgeni, na asiende popote.

Na kwa kuwa wewe ni fundi wa maneno, nina swali la ufundi. Madirisha hayajifungi yenyewe, mdogo wangu. Kule nyumbani ni nani aliyekuwa akiyafunga?

Dada yako


Jumanne, 11 Machi

Dada,

Nimesoma barua yako mara moja na sitairudia. Unauliza nani aliyekuwa akifunga madirisha kana kwamba umenipandisha kizimbani. Nilikuwa mtoto mdogo. Nilichokiona mimi ni kwamba Jumapili mchana, tumeshiba, mwanga sebuleni unapungua, unapungua tena, na kabla sijaelewa Mama ametusukuma chumbani na sauti ya Baba si ya Baba tena. Ndivyo nilivyoona na ndivyo nilivyoandika. Siwezi kuandika kwa macho yako.

Unadhani nimetia chumvi ili niuze. Chuo kimenialika nitoe mhadhara mwisho wa mwezi huu kuhusu asili ya mtu wa nafsi mbili katika hadithi za kutisha, na nimesoma mpaka macho yameniuma. Wapo waandishi waliozaliwa katika miji ambako mwanamume alitakiwa awe msafi mbele za watu kuanzia kola mpaka viatu, wakaona kwamba mtu wa namna hiyo lazima awe na wa pili wa kuchafuka kwa niaba yake. Wapo walioandika baada ya kusikia habari za wagonjwa halisi, watu waliolala wapole na kuamka wakali, wasikumbuke lolote. Wengine waliota ndoto, wengine walikuwa wagonjwa wenyewe na waliogopa vichwa vyao. Na wapo waliokuwa watoto tu. Mtoto hawezi kumpenda na kumwogopa mtu mmoja kwa wakati mmoja, hana pa kuyaweka yote hayo, kwa hiyo anamgawa. Hilo la mwisho nimeliandika mwenyewe, na ndilo nitakaloanza nalo.

Mimi Baba nilimpenda. Wewe ulishaamua zamani kwamba ni kosa, lakini nilimpenda. Alinikalisha pajani akanionyesha gurudumu la saa dogo kuliko punje ya mchele, akaniambia nisipumue. Mtu mwenye mkono ule hawezi kuwa ndiye aliyeshika mkanda wa kumpigia Mama. Ningekubali ni yeye yuleyule, ningekuwa mtu wa namna gani leo?

Kitabu amekisoma mara mbili, kwa lile jicho lake la lenzi. Alinipigia simu akilia. Aliniambia, "Mwanangu, umenielewa. Siku zote nilijua haikuwa mimi." Umewahi kumsikia Baba akilia, wewe? Yuko peke yake kwenye nyumba ile, kifungo cha shati kinamtesa mpaka saa nne. Siku ya mhadhara nitamleta akae kiti cha mbele, na nataka Mama akae pembeni yake. Wewe kila kinachouma unang'oa, ndiyo kazi yako. Mimi nawataka wazazi wangu wote wawili, na sitamwandikia Mama hicho unachotaka.

Mdogo wako


Jumamosi, 15 Machi

Mdogo wangu,

Shikamoo hukunipa. Sawa, nitaishi.

Niliacha kukujibu siku hiyohiyo kwa sababu damu ilikuwa inanichemka, na nimejaribu kusubiri ipoe. Haijapoa. Nakuandikia hivyohivyo.

Wewe ulikuwa unasukumwa chumbani. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, na mara nyingi nilibanwa nje ya mlango, kwenye ile nafasi kati ya kabati la vyombo na ukuta. Kwa hiyo acha nikueleze mwanga wako ulikuwa unapungua vipi. Baba alimaliza kula. Alifuta mdomo. Alivua saa ya mkononi, akaiweka juu ya kitambaa kile cha kijani ili isikwaruzike, maana ilikuwa saa nzuri. Aliongeza sauti ya redio. Halafu akaenda dirishani. Alianza na dirisha la upande wa jirani mshona viatu, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu na watu, kisha la barabarani, kisha la jikoni. Komeo la jikoni lilikuwa gumu, alilipiga kwa kiganja. Hakuwa na haraka. Mama wakati huo alikuwa anatoa sahani mezani asije akazivunja. Ndipo alipogeuka.

Mtu aliyepagawa havui saa, mdogo wangu.

Na kuna siku moja ambayo sikuwahi kumsimulia mtu, hata mume wangu. Yule mshona viatu alikuja kuchukua saa yake ya mezani. Akabisha hodi katikati ya mambo, Mama yuko sakafuni. Baba alisimama, akapumua, akachana nywele kwa vidole, akafungua mlango nusu. Walitaniana. Alimweleza kwamba springi ilikuwa imechoka, amebadilisha, asiukaze sana ufunguo. Mshona viatu akacheka, akamshukuru, akamwita mtu wa watu. Baba akamtakia Jumapili njema. Akafunga mlango, akarudi palepale alipokuwa ameachia. Nilikuwa namtazama usoni wakati wote huo na nakuapia sura haikubadilika. Ile uliyoiona wewe ukiwa pajani ndiyo hiyohiyo.

Katika mhadhara wako kuna neno moja la kweli, lile la mtoto kumgawa baba yake. Hapo ulikaribia. Ungebaki hapo ningekupigia makofi. Lakini umelichukua jambo alilofanya mtoto ili apate usingizi, ukampa mzee alifanye utetezi. Analia kwenye simu! Na mimi ningelia, mtu akinifutia miaka ishirini kwa kitabu chenye jalada zuri.

Sasa la mwisho, na hili nalisema kwa hasira, sitajificha. Wifi yangu alinipigia wiki iliyopita. Si msemaji, unamjua. Alisema mlibishana, ukapasua mlango wa kabati la nguo kwa ngumi, na asubuhi ukamwambia haikuwa wewe. Ulimwambia hivyo hivyo, haikuwa wewe. Kwa hiyo sasa najua kitabu umemwandikia nani. Umejiandalia mgeni wako mapema, umemtandikia na kitanda.

Dada yako

Nilikuwa sijafunga bahasha, sasa naongeza haya. Nimerudi kutoka kliniki nikakuta begi la kahawia halipo na Mama hayupo. Amemwambia mjukuu wake anakwenda kumwona babu na kwamba tusimtafute. Simu yake ameiacha kitandani. Yakimpata yoyote kule, usinitafute tena mpaka nife.


Jumatano, 19 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako imenifikia jana.

Habari ya kabati ni kweli. Nilikuwa nimeshaandaa majibu kumi ya kukupa na yote nimeyachana.

Nimempigia Baba simu. Alipokea akiwa na furaha, akaniambia mama yenu amerudi, yuko jikoni. Nikamwomba niongee naye, akasema mwache apumzike. Halafu akacheka, akaniambia, "Usiogope, Mgeni hayupo tena."

Dada, lile neno lilikuwa letu. Lilikuwa la Mama na la sisi wawili, tulinong'onezana chini ya shuka, na Baba hakulijua hata siku moja. Mimi ndiye niliyempelekea, limepigwa chapa, na sasa analitumia kama mtu aliyezaliwa nalo. Nilitaka kumtukana na nilishindwa, nikaishia kumwambia ndiyo Baba. Nimejikasirikia kuliko unavyoweza kunikasirikia wewe.

Kesho alfajiri napanda basi kwenda kule. Kama Mama amekupigia, nijulishe kupitia wifi yako.

Mdogo wako


Alhamisi, 20 Machi

Wanangu,

Barua hii nimeiandika mara mbili, maneno yaleyale, nakala moja ya mmoja na moja ya mwingine, ili asiwepo wa kusema Mama alimwambia mwenzake vingine. Naandikia kwenye benchi la stendi. Wewe mdogo nimekutana nawe hapa ukishuka na macho mekundu, nimekununulia chai, na nakurudisha kwa mkeo na basi linalofuata. Yako nakutia mfukoni. Isome ukifika, si njiani.

Mmekuwa mkinigombania kama kiti. Mmoja anataka nikae huku, mwingine anataka nikae kule, na barua zenu mlizoandikiana sikuonyeshwa hata moja, nimeambiwa leo. Hakuna aliyekuja akaketi akaniuliza, Mama, wewe unasemaje. Nimewakasirikia wote wawili na nataka mlijue hilo kabla sijaendelea.

Mgeni nilimtunga mimi. Nilimtunga siku ambayo wewe mdogo ulikataa kunywa chai kwa sababu baba yako alikuwa ameketi mezani. Ulikuwa umekonda, daktari alishanigombeza. Nikaona nikikwambia huyu ndiye yule, hutakula tena ndani ya nyumba hii, na mimi pa kuwapeleka sina. Nikamgawa. Ulikunywa chai, ukala na mkate. Siombi radhi kwa hilo. Lakini nilimtunga kwa ajili yenu, mpate kula. Sikumtunga kwa ajili yake.

Nikiri kwamba nilipopanda basi sikuwa na hakika. Mjukuu wangu alipokuwa akinisomea, pale fundi anapolia magotini, nami nililia. Nilijiambia labda niliona sawa bila kujua, labda kweli walikuwa wawili. Ukilirudia neno kwa watoto miaka yote ile, na wewe linakuingia. Nilitaka nimtazame kwa macho yangu, nijue nilikuwa nimeolewa na nani.

Nilimkuta kwenye meza yake ya kazi, ana saa ya mtu imefunguliwa mbele yake na mkono hauwezi kushika kibano. Alifurahi, mwili mzima. Nilimfunga vifungo vya shati, nikampikia uji, nikafagia. Kwa siku hizo chache alikuwa mpole kama alivyokuwa kwa majirani, na wao walipita mmoja mmoja kumpongeza kwamba mama watoto amerudi. Kitabu alikiweka pale meza ya chakula, kina kipande cha gazeti ndani yake. Wageni wakiingia anawafungulia pahala hapo anawasomea.

Jana baada ya kula akakifungua na kwangu. Akaniambia, "Unaona, mama watoto? Hata mwanetu ameliona. Haikuwa mimi. Alikuwa Mgeni."

Wanangu, nililisikia neno langu likitoka kwenye mdomo wake. Nilikuwa na sahani mkononi nikaiweka chini taratibu, kwa mazoea. Sikuwa na maneno makubwa. Nilimuuliza kitu ambacho nimekuwa nikijiuliza tangu begi lile likiwa bado juu ya kabati.

Nikamwambia, "Na madirisha alikuwa anayafunga nani?"

Alikuwa anaikodolea ile saa kwa lenzi. Akanijibu bila kuinua kichwa, kama mtu anayeulizwa chumvi iko wapi: "Mimi. Majirani si wangesikia."

Mkono ukasimama. Alitoa lenzi jichoni, akanitazama, na alijua amesema nini. Akaanza kunieleza kwamba hakumaanisha hivyo, kwamba ugonjwa unamchanganya, kwamba mwanetu ameeleza vizuri zaidi kwenye ukurasa fulani. Nikamwambia basi nimeshajua, nilikuwa na mume mmoja tu. Nilisema kwa sauti kubwa kidogo. Na yeye, baada ya yote, akageuka upande wa barabara, akaninong'oneza nipunguze sauti, dirisha liko wazi.

Hapo ndipo hasira iliponifikia. Imechelewa sana lakini imefika yote. Nilifungua dirisha la upande wa mshona viatu mpaka mwisho. Nikafungua la barabarani mabawa yote mawili. La jikoni lilikuwa gumu, nikalipiga kwa kiganja kama alivyokuwa akilipiga yeye. Halafu nikasimama katikati ya sebule na kumsomea yote, kuanzia kidole mpaka siku ile ya saa ya mezani, kwa jina lake, kwa sauti yangu yote. Mshona viatu alitoka nje na kiatu mkononi. Wengine walisimama barabarani. Sikulia, na sikumgusa.

Wewe mkubwa, nilikuona siku ile nyuma ya kabati la vyombo. Nilinyamaza kwa sababu nilidhani ukijua nimekuona utaumia mara mbili. Nakuja kwako jioni hii, uniwekee chakula.

Wewe mdogo, mlango wa kabati la mkeo ulivunjwa na wewe. Mwambie hivyo ukiingia tu, kabla hujavua viatu. Huo mhadhara toa ukitaka, sikukatazi, ila kiti changu kampe mtu mwingine. Na mimi nilimtunga yule kwa sababu moja ambayo imekwisha, nyote mmeshakula mmeshiba. Sasa nimemwondoa. Usimtumie tena.

Baba yenu nimemtafutia muuguzi wa zahanati atakayepita kila asubuhi kumvalisha. Sikuondoka kwa kisirani. Nilimwachia uji wa moto na maji karibu, nikachukua begi langu, nikaenda kulala kwa muuguzi huyo. Alikuwa ameketi palepale, anaogopa hata kukohoa, maana watu walikuwa bado wamesimama nje. Aliniomba kitu kimoja tu, nikitoka nimfungie madirisha.

Nimeyaacha wazi. Akitaka yafungwe, mkono mmoja anao mzima, na njia anaijua.

Mama yenu